Kucheza kwa Nyonga: Somo kwa Wamama na Mabinti

Somo hili lisomwe polepole, katika kipindi cha wamama au nyumbani. Mama asiyejua kusoma asomewe na binti yake. Kwanza tutasikia habari ya mama mmoja. Kisha tutajifunza mwili, kisha tutajifunza kucheza kwenyewe. Mwisho kuna maswali. Vitu vya kutayarisha ni vichache: kikwembe cha kufunga nyonga, mahali pa usawa, maji safi ya kunywa, na mtu wa kupiga ngoma au makofi.

1. MAMA ALIYEKETI KARIBU NA MLANGO

Katika mji wetu wa Bukavu kila mtu amewaona wamama wanaobeba mizigo. Tangu asubuhi wanapanda vilima toka kando ya ziwa, gunia la unga au la makala mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Shingo imeinama, macho yanatazama udongo. Mama mmoja wa kazi hiyo alikuwa akisali pamoja nasi. Jina lake sitalitaja. Alikuwa amezaa watoto sita. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na kabla ya sala ya mwisho alikuwa amekwisha kutoka. Sisi tulidhani hapendi kusalimiana na watu.

Kumbe sababu ilikuwa nyingine. Tangu uzazi wake wa mwisho, akikohoa, akicheka au akiinua gunia, mkojo ulimtoka kidogo. Aliogopa harufu. Usiku mgongo ulimwuma. Hakumwambia mtu, wala mume wake, wala mimi niliye mwuguzi.

Jumamosi moja jirani yake alimpeleka katika nyumba fulani huko Kadutu. Binti mmoja alikuwa akiwafundisha wanawake kucheza kwa nyonga, pazia limeshushwa, wanaume hawamo. Alikwenda Jumamosi tatu. Habari zikanifikia. Mimi, bila kuuliza neno, nikaenda kwake nikamkemea. Nikamwambia kwamba mama wa kanisa hatikisi kiuno kama watu wa baa. Alinyamaza. Akaacha kwenda Kadutu. Lakini akaacha kuja kanisani pia.

Baada ya miezi mingi nilimkuta katika mstari wa wagonjwa, uso umekonda. Nikamwuliza kwa nini amepotea. Akanijibu kwa upole: "Mama, ulinikataza kitu, lakini hukunipa kingine."

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimesoma uuguzi, tena nilikuwa nimesoma shule ya Biblia, walakini sikujua nilichokikataza. Basi nikampeleka kwa mganga apimwe. Kisha nikaenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo, nikamwuliza kucheza kule kunafanya nini katika mwili. Somo hili ni majibu niliyoyapata. Ninakuandikia ili usirudie kosa langu.

2. NGOMA HII IMETOKA WAPI?

Watu wa Ulaya huiita ngoma ya tumbo. Waarabu huiita raqs sharqi, maana yake ngoma ya mashariki. Katika Misri na nchi za jirani wanawake wameicheza tangu zamani nyumbani, siku za arusi na za furaha, wao kwa wao. Katika miaka ya 1920 mama mmoja aitwaye Badia Masabni alifungua nyumba ya michezo katika mji wa Cairo. Hapo ngoma ikapandishwa jukwaani, mbele ya watu waliolipa, pamoja na mavazi ya kung'aa. Kisha sinema zikaitangaza duniani. Ndiyo sababu watu wengi wakisikia jina lake hufikiri habari za baa tu.

Lakini leo katika miji mingi ya Ulaya na Amerika kuna madarasa ya ngoma hii kwa wanawake wa kila umri. Wengi wao hawatacheza jukwaani hata siku moja. Wanakwenda kutafuta nguvu za mwili, na kujifunza kusimama bila aibu.

Tena usidhani ni jambo geni kwetu. Wanawake wa Mombasa na Lamu wana ngoma yao iitwayo chakacha. Hufunga leso nyongani na kuzungusha kiuno siku za arusi. Kwetu Kongo, Waluba wa Kasai wana mutuashi. Tshala Muana, aliyefariki Desemba 2022, aliimba na kucheza mutuashi mpaka ukajulikana katika nchi nyingi. Nyonga ni zile zile. Tofauti ni mahali, na nguo, na kusudi la anayecheza.

Hapa Bukavu neno hili lina uzito wake. Tangu vita vya 1996 wanawake wengi sana wa Kivu wameumizwa katika miili yao. Mwaka 1999 Hospitali ya Panzi ilianzishwa na Dokta Denis Mukwege, chini ya kanisa la CEPAC. Wanawake waliotibiwa hapo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, na mwaka 2018 mganga huyo alipewa tuzo ya amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Mwaka 2011 palifunguliwa mjini kwetu mahali paitwapo Cité de la Joie, maana yake Mji wa Furaha. Wanawake waliojeruhiwa na vita walikaa hapo miezi sita. Walijifunza kusoma, kulima, kujua haki zao, kujikinga, na kucheza. Tena tarehe 14 Februari 2013 wanawake katika nchi nyingi walicheza hadharani ili kupinga jeuri wanayotendewa. Wa Bukavu walikuwamo.

Kwa nini kucheza kuliwekwa pamoja na masomo makubwa namna hiyo? Kwa sababu mganga aweza kushona kidonda, lakini sindano yake haimfundishi mwanamke kuupenda tena mwili wake. Kazi hiyo yahitaji njia nyingine.

3. NYONGA ZA MAMA ZIMEJENGWAJE?

Weka mikono yako juu ya mifupa ya nyonga. Ndani yake, chini kabisa, kuna nyama zilizofumwa kama wavu. Mbele wavu huu umefungwa kwenye mfupa wa kinena. Nyuma umefungwa mwisho wa uti wa mgongo. Juu yake vimekaa vitu vitatu: kibofu cha mkojo, tumbo la uzazi, na utumbo wa mwisho. Wavu ukiwa na nguvu, vitu hivi hukaa mahali pake, na mkojo hauji bila ruhusa.

Sasa fikiri mambo yanayoupata wavu huo. Mimba huulemea kwa miezi tisa. Uzazi huuvuta. Mzigo mzito husukuma tumbo chini kila siku. Kikohozi cha muda mrefu hufanya vivyo hivyo. Wavu ukilegea, mkojo hutoka mama akikohoa au akicheka, au tumbo la uzazi hushuka. Huu ni ugonjwa wa nyama zilizochoka. Si uchawi, wala si adhabu.

Labda utasema: "Mimi nafanya kazi kutwa. Mwili wangu haukosi mazoezi!" Ni kweli kwamba kazi ni mazoezi, lakini tazama namna yake. Anayebeba gunia hukaza shingo na mgongo, nyonga zimefungwa, na uzito wote unasukuma chini. Anayeuza sambaza au nyanya katika soko la Nyawera huketi toka asubuhi mpaka jioni, na miguu huvimba. Anayefanya kazi ofisini pia huketi. Kucheza kwa nyonga hufanya kazi upande wa kuume na wa kushoto sawasawa, bila mzigo. Hufungua viungo vilivyokaza. Huamsha nyama za ndani za tumbo na za mgongo. Tena hufanya moyo upige kwa nguvu.

Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtu mzima ahitaji kuutumikisha mwili wake dakika 150 au zaidi kila juma, mpaka pumzi iwe nzito kidogo. Hizo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Afanyaye hivyo hupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, wa damu kupanda, na wa sukari. Pia hupunguza huzuni nzito na wasiwasi. Kucheza kwahesabiwa katika dakika hizo.

4. NAMNA YA KUCHEZA

Vua viatu. Usicheze mara baada ya kula. Funga kikwembe nyongani, si kiunoni, ili uone nyonga zinavyokwenda.

a) Kusimama. Miguu iachane kwa upana wa nyonga. Magoti yalegee kidogo. Goti lililokazwa huumiza mgongo. Inua kifua. Tazama mbele, si chini. Mama aliyezoea kamba ya kichwani ataona hili ni gumu kuliko yote. Asiwe na haraka.

b) Kukaza nyama za chini. Zikaze kama mtu anayezuia mkojo na upepo pamoja. Hesabu moja mpaka tano, huku ukipumua. Legeza, hesabu tena tano. Fanya mara 10. Hili lifanywe mara tatu kila siku, hata sokoni, maana hakuna anayekuona. Usilifanye wakati wa kukojoa.

c) Kupeleka kando. Sukuma nyonga kuume, kisha kushoto, polepole. Mabega yatulie. Fanya mara 20.

d) Duara. Zungusha nyonga kama mtu anayesugua sufuria kubwa kwa ndani. Anza na duara ndogo. Zungusha mara 10 kuume na mara 10 kushoto.

e) Namba nane. Nyonga moja iende mbele na kurudi nyuma, kisha ya pili, kana kwamba unaandika namba 8 juu ya ardhi. Wengi hushindwa siku ya kwanza. Wacheke, waanze tena.

f) Tumbo na pumzi. Vuta pumzi puani, tumbo lijae. Toa pumzi kinywani, vuta kitovu ndani kuelekea mgongo. Fanya mara 10.

g) Mikono. Sasa inua mikono mpaka usawa wa mabega, viganja wazi, na ucheze yote pamoja kwa ngoma. Ukiweza kusema lakini huwezi kuimba ubeti mzima bila kupumzika, kipimo ni kizuri.

h) Kutulia. Dakika tano za mwisho punguza mwendo, nyosha mgongo na mapaja, kunywa maji.

Siku ya kwanza dakika 10 zatosha. Ongeza kidogo kila juma mpaka nusu saa. Usitazamie nguvu kwa siku tatu. Nyama za chini hutaka kama miezi mitatu ya uaminifu.

5. NANI ASICHEZE KWANZA?

Kucheza ni dawa, na kila dawa ina kipimo chake.

Mama aliyezaa karibuni angoje kama majuma sita, ajisikie vizuri, ndipo acheze. Aliyepasuliwa ili azae asianze mpaka mganga atazame kovu. Mwenye mimba aweza kucheza polepole, bila kuruka. Lakini akiona damu, maji, au maumivu ya tumbo, aache, aende hospitali upesi. Mwenye ugonjwa wa moyo, au damu iliyopanda sana, aulize kwanza. Mtu yeyote akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aketi mara moja.

Sikia sana neno hili. Kama mkojo unatoka wakati wote, usiku na mchana, hata ukilala, au kama kinyesi kinapita njia ya uzazi, huko si kulegea kwa nyama. Huenda ni fistula, yaani tundu. Hakuna kucheza wala mizizi iwezayo kuziba tundu kubwa. Mara nyingi huletwa na uzazi uliokawia, au na jeuri. Waganga wanajua kulishona, na Panzi inajulikana kwa kazi hiyo. Baada ya kushonwa, mama asibebe mizigo mizito wala asilale na mume wake kwa miezi mitatu, wala asicheze mpaka mganga amruhusu. Tena mimba ikija, aende hospitali mapema, asizalie nyumbani.

6. KWA MOYO ULIOUMIZWA

Dada, labda unasoma maneno haya na mwili wako umetendewa jeuri. Kama ni jana au juzi, usingoje. Nenda hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa maana iko dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, nayo haifai ikichelewa. Ukifika mapema zaidi ni vizuri zaidi. Kama saa 72 zimekwisha kupita, nenda hata hivyo. Kuna matibabu mengine.

Kama ni zamani, huenda umeona jambo hili: mwili wakumbuka hata moyo ukitaka kusahau. Mtu akikugusa bega, unashtuka. Unatembea umejikunja, kana kwamba unajificha ndani ya nguo zako. Katika kucheza, ni wewe unayeuamuru mwili wako. Unasema nyonga iende kuume, nayo yaenda. Ni jambo dogo, lakini aliyenyang'anywa amri hiyo ajua thamani yake.

Kwa hiyo anayefundisha wamama kucheza ashike sheria hizi. Asimlazimishe mtu. Asimguse mtu bila kumwomba ruhusa. Mlango usifungwe kwa ufunguo, ili anayetaka kutoka atoke. Anayependa kuketi na kutazama tu, aketi, hata Jumamosi kumi. Mtu asipigwe picha. Na mmoja akianza kutetemeka au kulia, ngoma inyamaze. Mwambie akanyage ardhi kwa miguu yote miwili, apumue polepole, ataje vitu vitano anavyoviona. Kisha asiachwe arudi nyumbani peke yake. Kucheza si badala ya mshauri wala ya mganga. Yafaa vyote viende pamoja.

7. JE, NI DHAMBI?

Najua swali hili limo ndani ya wasomaji wengi, kwa kuwa lilikuwa ndani yangu.

Fungua Kutoka sura ya 15, utamwona Miriamu na wanawake wote wakicheza baada ya kuvuka bahari. Fungua 2 Samweli sura ya 6, utamwona Daudi akicheza mbele ya sanduku, na Mikali akimdharau toka dirishani. Kisha fungua Marko sura ya 6, utamwona binti wa Herodia akicheza mbele ya wanaume walioketi karamuni, na mtu wa Mungu akapoteza kichwa chake. Miili yote hiyo ilicheza. Basi tuulize: anacheza mbele ya nani, na kwa kusudi gani?

Wamama kumi wanaocheza pamoja ndani ya nyumba, wamevaa kwa heshima, ili mgongo upone na kichwa kiinuke, hawafanani na karamu ya Herode. Nilipomkemea yule mama nilidhani nimesimama upande wa Miriamu. Nilikuwa Mikali dirishani.

Walakini simlazimishi mtu. Kama dhamiri yako haikupi amani katika ngoma, fanya mazoezi ya kukaza na ya pumzi, na utembee kwa haraka nusu saa. Wavu wa nyama utapata nguvu hata hivyo. Lakini usimkataze jirani yako bila kumpa kitu kingine.

8. MWISHO WA HABARI

Mganga alipompima yule mama hakuona tundu, aliona nyama zilizolegea tu. Nilikwenda naye mwenyewe Kadutu nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Kisha binti yule akanipa kikwembe. Sikuwa na la kusema, nikakifunga. Namba nane ilinishinda kabisa, na yule mama alicheka mpaka machozi, na wala hakushika nguo yake kwa hofu.

Sitasema uongo kwamba amepona kabisa. Akikohoa sana bado hutokwa na mkojo kidogo, na mizigo bado yuko nayo, kwa maana watoto hula kila siku. Lakini sasa hugawa gunia mara mbili anapoweza. Mgongo wamwacha alale. Na kanisani huketi benchi la tatu toka mbele, akangoja mpaka sala ya mwisho, kisha akasalimia watu.

MASWALI

1. Ni vitu gani vitatu vinavyokaa juu ya wavu wa nyama za nyonga?
2. Kwa nini kubeba mizigo hakutoshi kuwa mazoezi ya nyonga?
3. Yaonyeshe mazoezi ya kukaza nyama za chini. Yafanywe mara ngapi kwa siku?
4. Mkojo unaotoka mama akikohoa na mkojo unaotoka wakati wote, vinatofautianaje? Utamshauri nini kila mmoja?
5. Mwanamke aliyetendewa jeuri afike hospitali kabla ya saa ngapi? Kwa nini?
6. Je, katika kanisa lako kuna mama anayeketi karibu na mlango? Umewahi kumwuliza sababu?